Kisasi cha Pilipili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alimenya viazi vya bibi yake, akavikata vipande vyembamba, akavichemsha kwa maji mengi, kisha akayamwaga maji yote. Daktari ndiye aliyeagiza hivyo. Figo za Bibi zilikuwa dhaifu, zikashindwa kutoa madini ya potasiamu mwilini. Madini hayo yakizidi, huvuruga mapigo ya moyo.

Wiki ya mitihani, mama mdogo alikuja kumpikia Bibi ili Pilipili apate kusoma. Siku ya kwanza tu alimkuta uwanjani akiruka kamba.

"Msichana mzima wa miaka kumi na miwili, sufuria umeziachia nzi!" alimfokea.

Wenzake wakaangua kicheko. "Sufuria! Sufuria!" Tangu hapo wakamwita hivyo.

Pilipili hakuitwa Pilipili bure. Damu ilimchemka. "Atanitambua," alijiapiza.

Mama yake alikuwa amempa karatasi ya vyakula ambavyo Bibi amekatazwa: ndizi mbivu, machungwa, nyanya, mchicha. "Mpe mama mdogo wako," alisisitiza. Pilipili aliisokomeza ndani ya daftari lake la hesabu. Alitaka mama mdogo akosee, agombezwe mbele za watu, naye aone utamu wake.

"Kuna kitu bibi yako hali?" mama mdogo aliuliza.

"Anakula kila kitu."

Kwa siku mbili Pilipili alitazama ndizi na maji ya machungwa vikiingia chumbani kwa Bibi, ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Alitazama, akanyamaza, akafurahi.

Siku ya tatu, Pilipili aliporudi kutoka shuleni, Bibi alishindwa kuinuka kitandani.

"Mke mwenzangu," alimnong'oneza mjukuu wake, "miguu imekuwa ya kuazima. Na moyo unapiga, halafu unasahau."

Walimkimbiza hospitali kwa teksi. Mama naye akafika mbio kutoka kazini. Muuguzi alimbandika Bibi nyaya kifuani, akaitazama mistari ya moyo, akakunja uso.

"Amekula nini?"

"Ndizi, machungwa... chakula cha kawaida," mama mdogo alijibu.

"Ndizi!" Mama alimgeukia. "Unataka kumuua mama yetu? Si nilikutumia karatasi?"

"Karatasi gani, dada?"

Watu wote waligeuka. Machozi yalimtiririka mama mdogo. Kisasi kilikuwa kimetimia, lakini kilikuwa kichungu kama shubiri.

"Ninayo mimi," Pilipili alisema. "Niliificha makusudi. Amekula ndizi sita, na maji ya machungwa asubuhi na jioni."

Muuguzi hakungoja. Daktari aliitwa, Bibi akachomwa sindano ya kuukinga moyo, kisha akatundikiwa dawa ya kushusha potasiamu. Ilipofika jioni, mapigo yalikuwa yametulia.

"Mgonjwa wa figo akilegea ghafla au moyo ukirukaruka, mleteni papo hapo," muuguzi aliwaambia. "Na msimfiche anayemhudumia jambo lolote."

Pilipili alipiga magoti mbele ya mama mdogo, akaomba radhi. Mama mdogo alimshika mkono, akamwinua.

"Nilikosea kukuaibisha mbele ya wenzako," alisema. "Ungekuja kuniambia. Lakini ona, mwanangu: ulinilenga mimi, mshale ukampata mama yangu. Kisasi hakina macho."