Roho ya Ufunguo wa Baba

Siku za mnada wa ng'ombe, nyumba ya Mzee Cephas pale Ndhiwa huamka kabla ya jogoo. Baba huangalia maji na oili ya gari, mama hufunga chapati za safari, na binti yao Trizah, aliye gredi ya sita, hupangusa viti kwa kitambaa chenye maji. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililowalisha. Baba alilitumia kubeba wachuuzi kutoka Homa Bay mpaka Ogwedhi, upande wa Migori, na kuwarudisha jioni.

Asubuhi hiyo ya likizo Trizah aliruhusiwa kwenda kwa sababu alikuwa amepewa kazi. Ufunguo wa gari ulihitaji kava. Ulikuwa na vitufe vya kufungia milango, navyo vilikuwa vikijibonyeza vyenyewe mfukoni mwa baba. Sabato iliyopita vilijibonyeza katikati ya maombi, gari likapiga honi nje ya kanisa mpaka mchungaji akasema amina kabla ya wakati. Mama alisema hataki aibu ya namna hiyo tena.

Baba hakuwa na nafasi ya kuzunguka vibandani. Alimwagiza Trizah aende kwa Gisiri, fundi wa ngozi, achague kava nyembamba isiyojaza mfuko, lakini imara isiyochanika upesi. Kisha akamwonya.

"Nyara," alisema, maana ndivyo Wajaluo wanavyomwita binti, "hii funguo usiifungue. Iko na chunye ndani. Chunye ikitoka, gari inakufa."

Chunye kwa Kijaluo ni roho yake. Trizah aliitikia vizuri huku akibana kicheko. Tangu lini ufunguo ukawa na roho? Huyu ndiye baba aliyewahi kuwaambia kwamba ndani ya redio kuna watu wadogo wanaolala mchana. Trizah aliona hiyo ni hadithi nyingine ya kutisha watoto.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa Shangazi Truphena, dada ya baba, pamoja na kuku wake wa kuuza. Alikuwa mjamzito, lakini alisema siku zake bado, na Shangazi Truphena akisema jambo hakuna wa kumbishia.

Kule Ogwedhi, Gisiri alimwekea Trizah kava tatu mkekani. Ya kwanza ilikuwa nene, yenye manyoya ya mbuzi, nzuri kutazama ila ingevimba mfukoni kama kiazi. Ya pili ilimetameta, lakini Trizah alipoikunja rangi ilipasuka na kitambaa kikaonekana chini yake. Haikuwa ngozi hata kidogo. Ya tatu ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, nyembamba, ya kahawia, isiyo na mbwembwe, imeshonwa kwa uzi uliopakwa nta. Aliikunja, akaivuta, akainusa. Haikupasuka wala mshono haukulegea. Alipoishika hiyo, Gisiri alimsifu kwamba ana jicho.

Shida ni kwamba ufunguo ulikwama nusu. Gisiri alisema si neno. Angeilowesha ile kava, aitanue kwa kibao, kisha aianike juani. Trizah azunguke sokoni, arudi baadaye. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu, na Trizah alikuwa na pupa. Alitaka baba amkute amemaliza kazi. Gisiri alipogeuka kumpimia mteja mshipi, Trizah alichukua kisu kidogo cha fundi, akabandua ganda la nje la ufunguo. Kitu cheusi, kidogo kama mbegu ya papai, kikamwangukia kwenye sketi. Alidhani ni uchafu, akakikung'uta. Ufunguo bila ganda lake uliteleza ndani ya kava vizuri kabisa. Ganda alilificha chini ya mkeka.

Gisiri aliporudi alishangaa, akauliza umeingiaje. Trizah akamjibu kwamba ameusukuma tu kwa nguvu. Baba naye alipouona aliugeuza mkononi, akatabasamu, akautia mfukoni.

Jua lilipofika utosini, kelele zilisikika kutoka kwa wauza kuku. Shangazi Truphena alikuwa ameshikilia nguzo ya zizi, uso umemjaa jasho. Mtoto hakuwa ameulizwa kuhusu siku zake, na sasa alikuwa anakuja. Mama mmoja mchuuzi, Bonareri, aliyezoea kusaidia wanawake wanaojifungua, alimpapasa tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa hospitali na si wa kuzalia hapa. Wakamlaza kiti cha nyuma. Baba akaruka kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Injini ilizunguka, ikakohoa, ikakataa. Alijaribu tena na tena, ikakataa. Vijana walilisukuma gari mpaka wakalowa jasho, bila faida. Malori yote yalikuwa yamejaa ng'ombe. Mtu wa bodaboda alijitolea, lakini Bonareri alimfukuza, akisema mama katika hali hiyo hakai pikipiki.

Baba alifungua boneti, akashika hiki na kile, kisha akampigia simu Bonface, makanika wa Ndhiwa aliyelishughulikia gari jana yake. Alimfokea mbele ya umati. Alimwita mwizi, akadai ameiba kifaa kizima na kumwekea kibovu. Trizah aliisikia sauti ya Bonface ikijitetea na kuapa kwamba hakuiba kitu.

Hapo ndipo Trizah alipoona taa ndogo nyekundu ikiwaka na kuzima karibu na usukani. Ilikuwa na umbo la ufunguo. Neno la baba lilimrudia: chunye ikitoka, gari inakufa. Aliogopa hasira ya baba, akaogopa macho ya watu wote wale. Akajiambia kwamba labda gari litawaka lenyewe, na Bonface yuko mbali, hawezi kupigwa. Shangazi akatoa mkono dirishani akamshika.

"Trizah, mama, ambia baba yako afanye haraka," alisema kwa sauti iliyoisha nguvu. "Nitampoteza huyu."

Trizah alimgeukia baba.

"Baba, si Bonface. Ni mimi. Nilifungua ufunguo na kuna kitu kilianguka. Nafikiri ni chunye."

Baba alimtazama kwa jicho ambalo hajapata kumtazama nalo.

"Kilianguka wapi?" aliuliza.

Walikimbia. Gisiri alikuwa amekwisha kufagia, na vipande vyote vya ngozi alikuwa amevitia guniani. Alilimwaga gunia lote bila kuuliza neno. Vipande vyeusi vilikuwa vingi ajabu. Trizah alipiga magoti, akawa anabonyeza kimoja kimoja kwa ukucha. Ngozi hubonyea. Machozi yalimdondoka lakini vidole havikusimama, mpaka kimoja kikakataa kubonyea.

Baba alikiweka kile kitu kando ya ufunguo, akakibana kwa kidole, akazungusha. Gari likawaka.

Njia nzima ya kuelekea Migori Shangazi alikuwa akiguna. Kwenye kituo cha afya wauguzi walimpokea mlangoni. Trizah alikaa kwenye benchi, hana hata nguvu ya kuomba. Baba alisimama kando akampigia Bonface. Alimwambia amemkosea, na kwamba wakirudi Ndhiwa atamwomba msamaha mbele ya watu, kama alivyomtukana mbele ya watu. Kisha akaketi karibu na binti yake.

"Mimi pia nilikosea," alisema. "Nilikwambia chunye, sikukueleza ni kitu gani. Ni kadude kanakoambia gari kwamba funguo ni yake; kasipokuwepo, gari inakataa kuwaka. Lakini ungesema mara ya kwanza gari ilipokataa, tungekuwa tumefika kitambo."

Muuguzi akawaita. Shangazi Truphena alikuwa amechoka, lakini ulimi wake haukuwa umechoka. Alimwekea Trizah mtoto mapajani, msichana mwenye nywele nyingi.

"Waswahili walisema mficha uchi hazai," alisema, "na leo mimi karibu nishindwe kuzaa kwa sababu ya mficho wako. Sikiliza. Wetu wakizaliwa barabarani huitwa Ayoo, wa njiani. Ungenyamaza kidogo zaidi, huyu angekuwa Ayoo, kama angekuwa hai. Ulisema, ndiyo maana anaitwa Achieng, wa jua la mchana. Kosa lisemwe likiwa bado dogo, mama. Sasa mwite jina lake nisikie."

Trizah alimwinamia mtoto.

"Achieng," alisema, na mtoto akafumbua macho.