Kinasaladha na Ulimi wa Aikande

Uvumi ulianzia saluni, nao ukamganda Mama Aikande kama gundi: ati wale vijana wanaoonjea mashine, wakishaonja vya kutosha, kwao ugali na sabuni ni kitu kimoja. Na binti yake ndiyo kazi aliyoajiriwa. Mama akachukua chupa ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi aliyoipika mwenyewe, akapanda gari la angani hadi Moshi Mpya, jua likiwaka.

Alimkuta Aikande nyuma ya kioo, utando mwembamba kama ganda la kitunguu umelala juu ya ulimi wake. Hicho ndicho kinasaladha. Kama kinasasauti kinavyonasa sauti, chenyewe hunasa ladha kutoka mishipa ya ulimi na pua, kisha huitia katika maji matupu, mtu wa popote akanywa bia bila shayiri wala mpishi.

Siku hiyo ilinaswa bia nyeusi kavu ya Kiayalandi, kutoka pipa la mwisho lililopikwa kwa mikono hapo Moshi Mpya. Aikande akainua glasi. Povu zito likamwachia masharubu.

"Mbona umekuwa babu yako?" mama akamtania akiingia.

"Babu hakuwa mzuri hivi!" Akanywa tena, akafumba macho. "Shayiri iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Kahawa. Moshi kidogo. Halafu uchungu unakausha mdomo, unataka funda jingine."

Mashine ikalia taratibu. Injinia Kweka, msimamizi wa mashine, akatabasamu. "Ule ukavu wa mwishoni ulitusumbua sana. Leo tumeuchukua wote."

"Wote?" mama akadakia. "Na yeye kabakiwa na nini?"

"Mama, usinitie aibu. Hayo ni ya saluni. Nipe mbege yangu."

Kwao Uchagani mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni. Mama, kwa wasiwasi, akasahau. Akamimina, akampa. Aikande akaishusha yote, akapangusa mdomo.

"Tamu! Mbege yako haijawahi kuniangusha."

Moyo wa mama ukatulia. Ndipo akaikumbuka desturi, akajimiminia. Funda la kwanza alilitemea kiganjani. Joto la safari lilikuwa limeigeuza siki, siki ya kukata koo.

Aikande akakitazama kile kiganja. Tabasamu likamwisha.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Waliniambia kila mnaso unachukua ladha ya bia ile tu. Nikasema, za Wazungu ziende, nitabaki na zetu. Utamu uliondoka kwanza. Kisha uchachu. Nilikuwa nimebakiwa na za kuungua na uchungu, mama. Leo nazo..."

Mama akamgeukia Kweka. "Zitarudi?"

"Hazijapotea, mama. Zipo kwenye hifadhi, haziozi." Akamimina maji matupu kwenye glasi, akayapitisha mashineni, akampa.

Mama akanywa. Kahawa ikaja, moshi ukaja, ukavu ukamshika mdomo. Hakuwahi kuonja kitu kizuri namna ile. Akaiweka glasi chini, maana alikuwa anamnywa mwanawe.

Basi mzazi mwenzangu, epuka haya:

Kazi inayotaka ulimi, pua au macho ya mwanao.

Mtu anayesema "kidogo tu, hutasikia kitu."

Maji yenye ladha usiyojua imetoka kinywani mwa nani.

Kumpa mwanao kinywaji kabla hujakionja wewe.

Na akikuambia ni kitamu, usifurahi upesi.