Kamba Aliyelishwa Fundi Friji

"Fundi, mbona midomo inakuvimba?" Cheche akauliza.

Fundi Friji alijaribu kucheka, akashindwa. Alishika koo kwa mkono mmoja, kwa mwingine ukingo wa meza, chupa za bia zikagongana.

Cheche alimtupa kamba aliyekuwa akimmenya. Ni yeye aliyemlisha. Yeye ndiye mkaangaji wa baa ile ya bia za bei chee, ambayo Jumamosi mchana haina pa kukanyaga. Dakika kumi zilizopita aliacha kikaango chake, akaketi na fundi kwa mara ya kwanza, akamenya kamba wa moto na kumtia mdomoni mbele ya baa nzima. Watu walipiga vigelegele. Fundi alisita, akamtazama, akala.

Miezi minne nyuma alikuja kutengeneza friji iliyogoma kupoza bia. Friji ilipona siku ileile. Yeye hakuacha kuja. Kila Jumamosi bia moja na sahani ya kamba.

"Zimeni muziki! Mtu anakufa!" Cheche akapiga kelele.

"Amelewa huyo," mteja mmoja akasema.

"Kwa bia moja?"

Simu ya fundi ikaita mezani: DADA MKUBWA. Cheche akapokea.

"Dada, mimi ni Cheche wa baa. Ndugu yako amevimba uso, hapumui vizuri. Amekula kamba..."

"Amekula nini? Kamba walitaka kumuua akiwa darasa la tano! Ana aleji, hagusi hata mchuzi wake! Nani kampa?"

"Mimi, dada."



"Mkimbize zahanati ya karibu, nakuja! Kimbia!"

Mama mwenye baa aliwasha gari lake bila kuuliza. Kwenye kiti cha nyuma, Cheche alimpakata fundi kichwa. Pumzi ilitoka kwa mluzi mwembamba, kila moja fupi kuliko iliyotangulia.

"Usinifanyie hivi. Nisikie. Usilale!"

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Walimpokea, wakafunga mlango. Cheche alibaki kwenye benchi na aproni yake ya mafuta. Alinawa mikono kwenye bomba la nje mara tatu. Harufu ya kamba haikutoka. Kila mlango ulipolia, alisimama.

Hatimaye muuguzi akachungulia.

"Wewe ni mkewe?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyempa."

"Sindano imemsaidia, ila tutamwangalia mpaka kesho. Ingia. Tangu apate sauti anakuulizia wewe."

Fundi alikuwa amelala chali, jicho moja limefumbwa na uvimbe. Cheche alisimama mbali, mikono nyuma.

"Miezi minne! Sahani zote zile ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Meza ya jirani. Hujaona walivyonenepa?"

Cheche alicheka, kicheko kikageuka kilio.

"Kwa nini hukusema?"

"Asiyekula kamba angekuja kukaa karibu na kikaango chako kwa kisingizio gani? Halafu leo umenilisha mwenyewe, mbele za watu. Niliogopa utadhani nimekukataa. Nilijua nitajikuna tu."

"Nimeogopa leo kuliko siku ya kumzika mama yangu. Sitaki mwanaume wa kunifia ili nifurahi. Nataka wa kuniambia hapana."

"Hutakasirika?"

"Nitanuna. Kisha nitakupikia kuku."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mwanamke mrefu akaingia akihema, akamkagua Cheche kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, dada," fundi akajibu.

"Nilikuwa napiga simu kumuuliza kama ameshakuambia," Dada Mkubwa akasema, sauti ikimlegea. "Leo alikuwa aombe kukuoa. Mimi nasubiri shangwe, napokea msiba."

Cheche alimgeukia fundi. Jicho zima lilikuwa limemkodolea, limejaa hofu kuliko wakati pumzi inakatika.

"Cheche, je..."

"Hapana."

Dada Mkubwa akakamata ukingo wa kitanda.

"Hapana, usiniulize ukiwa kitandani. Nitajuaje kama ni mapenzi au ni dawa?" Alimkaribia, akamshika mkono, mara ya kwanza kumgusa tangu kule garini. "Pona. Usimame kwa miguu yako, uniulize. Na jibu langu, dada yako anaweza kuanza kulishangilia leo."