Pa Kuchokea

Jumamosi ile duka la samani lilifurika watu, na Bashasha alikuwa mlangoni tangu saa mbili asubuhi, shati jeupe, tai nyekundu, mashavu yakimuuma kwa kutabasamu. Kazi yake ilikuwa kukaribisha. Meneja alikuwa na sharti moja: mteja asipite bila kuchangamkiwa. Wenzake walimpa jina la Bashasha kwa utani, na siku hizi lilimchosha kuliko kusimama.

Akaingia binti mwenye gauni la kijani, futi ya ushonaji ikining'inia shingoni.

"Karibu sana, dada yangu! Karibu, karibu! Ulipotelea wapi jamani?"

"Kaka, usinishobokee. Sijapotea, ndiyo kwanza nafika. Nimekuja kupima madirisha yenu, niwashonee mapazia. Shika huku, unyamaze."

Akashika ncha ya futi, akanyamaza. Madirisha manane, hakuna aliyemdai tabasamu. Walipofika la mwisho alikwishapenda, ukweli usemwe.

Miezi saba ikapita. Kila jioni alikwenda chumba cha kushonea cha yule binti, akavua tai, akajitupa juu ya robota la vitambaa huku cherehani ikinguruma.

"Leo wateja wengi?"

"Eeh."

"Umekula?"

"Eeh."

"Haya, Mzee wa Eeh," binti akacheka.

Kisha mama yake binti akaugua, naye akaenda kumuuguza wiki mbili. Siku ya kurudi Bashasha alimsubiri kituoni. Binti aliposhuka, macho mekundu, kitenge kimekunjamana, Bashasha akapokea begi.

"Umefika?"

Basi. Hakuongeza neno mpaka nyumbani.

Kesho yake binti alipeleka mapazia mengine dukani, akamkuta mpenzi wake ameshika mikono ya mteja, kichwa kakiinamisha upande. "Mama yangu wee! Wiki nzima hatujakuona, tumekosa raha!" Binti akamwachia mlinzi mzigo, akaondoka. Jioni akapiga simu.

"Yule mama ni nani yako?"

"Mteja tu, mpenzi."

"Mteja tu, na unamshobokea hivyo! Mimi natoka kuuguza, unaniuliza nimefika kama kifurushi. Kama umenichoka, sema."

"Nimechoka, lakini si..."

Simu ikakatwa. Kwa siku nne haikupokelewa tena, na Bashasha akaendelea kuwachekea watu mlangoni huku moyo ukimwambia amempoteza.

Siku ya tano akaomba ruhusa mapema, akanyoosha tai, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, mikono wazi.

"Malkia wangu wee! Ulipotelea wapi jamani? Siku nne sijakuona, nimekosa raha!"

Cherehani ikanyamaza. Binti akamgeukia.

"Hiyo ni ya dukani. Hata kichwa umekiinamisha vilevile."

Tabasamu likamfutika. Akajikokota mpaka kwenye robota lake, akaketi.

"Sina bashasha nyingine," alisema. "Wateja nawapa yote, nikifika hapa nimekwisha. Kwako ndipo nauvua uso. Wiki mbili ulizokuwa kwa mama sikuwa na pa kuchokea. Uliposhuka kwenye basi nilitaka kulia, likatoka 'umefika'."

"Si ungelia tu."

"Mbele za watu?"

"Na mimi je? Nilikuwa nimechoka kuliko wewe. Hukuniuliza hata mama anaendeleaje."

Aliinamisha kichwa, safari hii kwa aibu. Kweli, hakuuliza. Alidhani kunyamaza kwake kunampumzisha na mwenziwe.

"Anaendeleaje?"

"Anakula sasa. Usiku ule wa tatu nilidhani..." Hakumaliza. Bashasha akainuka, akamkumbatia, na binti akalia mpaka tai nyekundu ikalowa.

"Nimekuumiza," Bashasha akasema alipoona binti ametulia. "Nitajifunza kuuliza. Nataka na wewe uchokee kwangu, mpenzi. Nilete wazee kwenu?"

Binti akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha pazia, akavua futi shingoni, akamkabidhi ncha yake.

"Kesho tukapime dirisha la chumba chako. Siingii kwa mume mwenye shuka dirishani."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Eeh," binti akasema.