Karata za Bibi Merle

Jumapili jioni nyumbani kwa Bibi Merle ni karata tu. Familia nzima hucheza, dau likiwa njiti za kiberiti, na kelele zao husikika hadi ng'ambo ya mto.

Siku hiyo mjukuu wake, Kyarna, alikuwa na rundo la njiti mbele yake. Alijumlisha kichwani pointi za kila mtu kabla karata hazijakusanywa.

"Mtoto huyu ananinyoa bila maji!" Bibi alilalamika. "Halafu shuleni anafeli hesabu. Hebu nielezeni!"

Shule ya msingi Kyarna alikuwa akiongoza. Tangu aingie sekondari alama zake zilikuwa zimeporomoka. Akifeli mtihani ujao, angetolewa kwenye darasa la hesabu la wenye vipaji.

"Uvivu huo," Bibi alisema. "Watamtoa, shauri yake!"

Noelene, binti yake Bibi, huwasaidia watoto wetu Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, pale sekondari. Aliweka karata zake chini.

"Si uvivu, mama. Kyarna, mwanangu, kuna nini?"

"Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, Shangazi. Akasema wote waniige mimi. Nilitamani ardhi inimeze! Jarrah na wenzake waliposikia, wakaanza kuniita profesa. Sasa naandika majibu yasiyo sahihi makusudi."

Binamu yake Jarrah aliruka. "Mimi nilikuwa nakutania tu! Kumbe unafeli kwa sababu yangu?"

"Huku kwetu mtu hajikwezi juu ya ndugu zake," Shangazi alieleza. "Mwalimu hakujua. Mtoto akiona kipaji kinamtenga na wenzake, atakificha. Asifiwe pembeni, na asome pamoja na ndugu zake."

Bibi alimvuta Kyarna kifuani. "Nisamehe, mjukuu wangu. Someni hapa mezani kwangu. Supu ya mkia wa kangaruu nitapika mimi."

Shangazi alizungumza na mwalimu, naye akaelewa. Sasa humsifu Kyarna faraghani. Kila Jumatano binamu wote hufanya hesabu kwa Bibi, wakibishana na kucheka. Siku ya mtihani Kyarna aliandika majibu sahihi, akabaki darasani kwake. Muhula uliofuata Jarrah naye akaingia humo.

Jumapili moja Jarrah alimtajia Bibi pointi zake kabla Bibi mwenyewe hajaanza kuzihesabu. Bibi alipiga meza.

"Noelene, umeniponza! Sasa wananinyoa wawili!"

"Usijali, Bibi," Kyarna alisema, akizoa njiti zake. "Jumatano kaa nasi, tutakufundisha."