Gundi ya Viatu na Kidole cha Pia

Kila asubuhi fundi viatu alianza kazi huku akisikiliza mpira. Du! Du! Du! Binti yake alikuwa akiurusha ukutani, nyuma ya nyumba, kabla ya kwenda mazoezini.

Watu walimwita Pia, kama ile pia ya kuchezea, tangu utotoni, kwa sababu alizungusha kila kitu alichoshika: vifuniko, machungwa, hata kikombe cha baba yake. Sasa alikuwa mrushaji wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake. Hakurusha kwa kasi. Aliuzungusha mpira kwa kidole cha shahada, ukadunda, ukakata kona, mpigaji akabaki anapiga hewa.

Siku hiyo mpira ulinyamaza mapema.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Kidole, baba. Mshono wa mpira umenichana tena."

Ngozi ilikuwa imepasuka. Zilibaki siku tisa timu isafiri kwenda kwenye mashindano makubwa. Pia alikuwa ameyangoja miaka sita.

"Lete hapa," fundi alisema. "Vidole vyangu vikipasuka naziba kwa gundi, maisha yanaendelea."

"Gundi ya viatu, baba?"

"Usiidharau! Imeshika soli za mtaa mzima hii."

Pia alicheka, akampa mkono. Fundi akapaka gundi, akapuliza ikauke. Hawakukiosha kidole. Damu na vumbi vikafungiwa humo ndani.

Siku ya tatu kidole kilivimba, kikawa cha moto. Pia alikificha. Aliogopa kocha angemwacha. Fundi alishtuka tu alipomwona anakunywa chai kwa mkono wa kushoto.

"Nionyeshe."

"Si kitu, baba."

"Nionyeshe, mama."

Alipokiona, aliinuka papo hapo. Akamshika binti yake mkono mzima, wakaenda kwa jirani yao muuguzi.

"Nani amebandika hiki?" muuguzi aliuliza.

"Mimi," fundi alijibu kwa sauti ya chini.

"Pole, kaka. Lakini kiatu hakina damu, mtu anayo. Ukiziba jeraha chafu umewakaribisha vijidudu. Wanakula, wanalala, kodi hawalipi! Twende zahanati sasa hivi. Wekundu ukianza kupanda mkononi, au homa ikija, mambo yameharibika."

Huko zahanati, daktari aliitoa gundi, akasafisha usaha, akatoa dawa.

"Hizi umeze zote," muuguzi alimweleza Pia njiani, "hata ukiona umepona. Jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Likaushwe, lifunikwe kwa bandeji safi. Badili kila siku, na kila ikilowa. Anayekuhudumia anawe mikono kwanza. Na usiguse mpira mpaka daktari akuruhusu."

Pia aliinama. "Na kocha je, dada?"

"Mwambie leo. Ukimficha, atakupanga na kidole kibovu. Hapo utakosa mechi na kidole pia."

Pia alipiga simu, akaeleza yote. Kocha akasema, "Afadhali umesema. Utasafiri nasi. Mechi mbili za kwanza utakaa benchi. Ya tatu, daktari wa timu ataamua."

Usiku huo Pia alilia. Fundi hakumkataza. Alikaa kando yake mpaka akamaliza.

Asubuhi zote zilizofuata, fundi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akabadili bandeji.

"Polepole, baba, si soli hiyo!"

"Nyamaza wewe. Soli hazinipigii kelele."

Timu ikasafiri. Mechi ya kwanza, Pia benchi. Ya pili, benchi. Siku ya mechi ya tatu, fundi aliweka redio juu ya meza ya kazi. Mteja mmoja alikuwa amevua kiatu chake, anangoja kishonwe.

"Anaingia Pia!" mtangazaji alisema.

Nyundo ikabaki hewani. Mpira wa kwanza, kimya. Wa pili ulidunda, ukapinda, ukaangusha vijiti nyuma ya mpigaji. Mpaka mechi inaisha, Pia alikuwa amewatoa wapigaji wanne.

Baadaye simu ililia. "Baba, umesikia? Wanne!"

"Hao nimewasikia. Niambie habari za kidole."

"Kikavu, baba. Hakiumi hata kidogo."

Fundi aliweka simu mezani. Mteja, amesimama kwa mguu mmoja, alimgusa bega.

"Fundi, na kiatu changu?"

"Kaa, ndugu yangu," fundi alisema, akijifuta machozi. "Leo viatu vitangoja."