Sanamu ya Pili

Boram alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kila alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, aliteka maji kwenye pipa akamwagilia bustani ya nyuma ya nyumba: matango, pilipili na soya changa. Hiyo ilikuwa kazi yake, kwa kuwa daktari alimkataza Bibi Bunrye kushinda juani.

Wiki ile njiwa walikuwa wakidonoa soya. Bibi akaunda sanamu ya kutishia ndege, akaivika suruali yake kuukuu ya maua na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Ilifanana naye mno. Mzee Deokman, mwenyekiti wa kijiji, alizoea kusimamisha pikipiki ukutani na kuitania: "Bunrye, mbona leo umeninunia?"

Jumamosi Boram alichelewa kuamka.

"Umeshamwagilia?" Bibi aliuliza, akiosha mchele.

"Tayari, Bibi," alidanganya, akawasha feni na kujilaza tena.

Alipozinduka ilikuwa saa sita mchana. Kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kikinguruma: "Wazee wote, tokeni mashambani! Jua la leo linaua." Kisha kimya. Hakuna ndege, hakuna chura, hata jani halikutikisika. Boram akachungulia dirishani.

Sanamu zilikuwa mbili.

Moja ilisimama kwenye soya kama kawaida. Nyingine ilichuchumaa katikati ya pilipili, kichwa kimeinama, kofia namna ileile, suruali ya maua vilevile. Boram akarudi nyuma hatua moja. Mzee Deokman akapita nje ya ukuta akicheka: "Ee Bunrye, umeitafutia mwenzake!" Akaenda zake.

Boram akashusha pumzi. Kumbe Bibi ameunda nyingine.

"Bibi, hiyo ya pili inatisha kweli!"

Hakuitikiwa. Akaenda mlangoni. Kwenye jiwe la kuvulia viatu palikuwa na jozi moja tu, yake mwenyewe. Akageukia bustani polepole. Chini ya suruali, sanamu ya kwenye soya haikuwa na miguu, ni mti mtupu. Ile ya pili ilivaa viatu vya mpira.

"Bibi!"

Akamkimbilia. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona. Boram akapiga kelele mpaka pikipiki ikarudi. Wakambeba hadi kivulini, wakammwagia maji shingoni na kwapani, mzee akimpepea kwa kofia huku akiipigia zahanati simu. Muuguzi alipofika, Bibi alikuwa ameanza kutaja majina yao.

Jioni Boram alikaa kando ya godoro. "Sikumwagilia, Bibi. Nilikudanganya."

"Nilijua. Matango yalikuwa yamelala chini. Sikutaka kukuaibisha, nikaenda mwenyewe, nami nikakosea." Bibi akamshika mkono. "Ila sikiliza, mjukuu wangu. Kazi uliyosema umeifanya, hakuna atakayekukumbusha tena. Itafanywa na mwingine, na huenda hana nguvu nayo. Ukilala, sema umelala. Nitakugombeza, basi, yaishe."

Alfajiri Boram aliivua sanamu kofia, akaivika ndoo nyekundu. Kisha akateka maji. Lakini kwanza, kama afanyavyo mpaka leo, alitazama kwenye jiwe la mlangoni. Viatu vya mpira vilikuwepo.